Karabini ya Mjomba na Kunguru wa Nengo

Juzi mafundi wangu pale gereji walivua nusu ya injini ya lori, wakaitandaza chini kama wauza nyanya, na lori likaendelea kukohoa. Nikawasogeza pembeni. Badilisha kitu kimoja, nikawaambia, jaribu. Halafu kingine, jaribu. Jua halijazama, lori linanguruma! Mmoja wao akaniuliza, "Patron, ulisomea wapi?" Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mimi? Shule niliiacha kabla haijanizoea. Nilisomea Nengo, rafiki yangu, kwenye bustani ya mboga, na kitabu changu kilikuwa bunduki.

Jioni ile ile nikawasha gari, nikaenda kupaangalia.

Miaka ile ya hamsini, mzungu mmoja mwenye hoteli kando ya ziwa alikuwa na bustani huko Nengo. Njegere, saladi, na stroberi nyekundu ambazo harufu yake ilikukuta barabarani kabla hujaona ua. Mlinzi wake alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama. Na adui yake hakuwa mwizi. Alikuwa kunguru, wale wakubwa wenye baka jeupe kisogoni. Wanakuja kwa kelele, wanachagua stroberi iliyoiva kuliko zote, wanaondoka wakikucheka.

Kwa ajili yao mzungu alimkabidhi mjomba karabini ndogo, ile tuliyoiita vandedu, yaani ishirini na mbili kwa Kifaransa, ya risasi fupi kama kifundo cha kidole. Kuna Mwafrika gani mtaani kwetu aliyeshika bunduki wakati ule? Mjomba tu! Akipita, washonaji walisimamisha vyerehani. Na alikuwa na shabaha, sikufichi. Masika yote yale kunguru walimjua.

Kiangazi kilipoingia, bunduki ikaanza kukosa.

Si kukosa kidogo. Analenga kunguru, kabichi inatoboka. Mlinzi wa pili, mtu wa Busasamana mwenye mdomo kama pilipili, alikuwa akiitamani ile karabini tangu zamani. Akawa anapiga kelele kutoka upande wake wa bustani:

"Yewe, sha! Hao kunguru iko wanakuja kukusalimia kwa mukono! Leta hiyo kitu, mi niwaonyeshe!"

Mzungu naye akasikia. Akasema Jumamosi atakuja mwenyewe, atatundika kopo la samaki kwenye mkaratusi. Mjomba akilipiga, bon. Akikosa, karabini inahamia kwa mtu wa Busasamana. Mjomba alirudi nyumbani siku hiyo akakaa mbele ya maharage na ndizi za bibi, mama yake, bila kugusa. Bibi akamwangalia, akamgusa paji la uso. Kwa bibi, mtu asiyekula alikuwa mgonjwa.

Basi tukaanza kazi, mjomba, mimi, na jirani yetu fundi cherehani, ambaye alikuja na bisibisi yake ya mashine ya Singa kiunoni. Kwanza, tujue kama mkosaji ni mtu au ni chuma. Tukaiweka bunduki juu ya gunia la maharage ili isitikisike, tukasimamisha ubao kule mwisho wa bustani. Risasi bado zikatawanyika. Mjomba akaruka juu kwa furaha! "Si mi! Iko yenyewe!" Kana kwamba bunduki ina aibu.

Fundi akakaza skrubu zote za chini ya mti wa bunduki. Tukajaribu: vile vile. Mjomba akavuta kitambaa chenye mafuta ya taa ndani ya mtutu kwa kamba, kikatoka cheusi kama sufuria ya kuni, akarudia mpaka kikatoka cheupe. Vile vile. Tukatenga risasi za boksi la zamani lililopata unyevu, tukapiga za boksi jipya peke yake. Afadhali kidogo, lakini vile vile. Fundi akajikuna kichwa akasema labda mtutu umechoka, hata cherehani huchoka.

Sasa hapa, rafiki yangu, sogea karibu, maana hapa ndipo nilipojipatia jina. Mimi ndiye niliyekuwa nikikimbia kwenye ubao kutazama matundu. Nikaona kitu. Asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani, matundu yalikaa karibu karibu. Jua likipanda, yanaanza kuachana. Mchana, kila moja na njia yake. Nikasimama pale na kidole kwenye tundu, nikafikiri: ni kitu gani hubadilika namna hii jua likiwaka?

Matari!

Sisi ni watu wa maulidi. Kazi yangu mimi ilikuwa kuota moto na matari kabla ya kaswida kuanza. Ngozi ya tari ikiwa na unyevu hulegea, hulia bu, bu, kama mtu mwenye mafua. Ukiipeleka motoni hukauka, hujikaza, mpaka duara la mti linalalamika. Na kwenye karabini ya mjomba kulikuwa na ngozi. Bibi alikuwa amemwomba mwalimu wa chuo cha Kurani hirizi ya kumkinga mwanawe na macho ya watu, na hirizi hiyo ilifungwa kwa ukanda wa ngozi mbichi ya mbuzi, ukizungushwa mtutu na mti pamoja, raundi juu ya raundi. Ilifungwa masika, ikiwa mbichi. Kiangazi kikaikausha. Kila jua lilipowaka ukanda uliuvuta mtutu, ukaupinda kidogo tu, kiasi ambacho jicho halioni lakini kunguru anafaidi.

Nikasema. Mjomba akabadilika rangi.

"We mutoto, unataka nife? Niondoe hirizi ya mama?"

"Mujomba, nauliza tu. Mtutu iko inapumua?"

"Kamwambie wewe basi!"

Nikaenda. Bibi alikuwa jikoni anachambua mchele. Nikamweleza yote, matari, umande, matundu. Akaja polepole akiwa na kisu chake cha kitunguu, akaigeuza bunduki, akautazama ule ukanda. Kisha akamgeukia mjomba.

"Nani alifunga hii?"

"Mi, mama. Nilitaka ikae sana."

"Yoo! Mi nilisema uivae. Nilisema uinyonge bunduki?"

Akasema bismillahi, akakata. Ukanda ukaruka kama nyoka. Fundi akaishonea hirizi kifuko cha kitambaa, akakining'iniza kwenye mkanda wa begani, mbali na mtutu.

Ijumaa baada ya swala tukapiga jua likiwa kichwani. Nikakimbia kwenye ubao. Matundu yote chini, upande wa kushoto, mbali na alama! Mjomba akashika kichwa. Mimi nikaanza kucheza. "Mujomba, angalia! Ziko pamoja kama mayai kwenye kiota! Imepona!" Fundi akaelewa kabla yake. Akagonga taratibu kile kibati cha nyuma cha kulengea kuelekea kulia, akakiinua, na kiota kikahamia katikati.

Jumamosi mzungu alikuja na kopo lake. Mtu wa Busasamana alishanyoosha mikono kuipokea bunduki. Mjomba akagusa kifuko begani, akalenga. Kop! Kopo likazunguka kwenye kamba kama kichaa. "Bon," akasema mzungu, "continue." Na mtu wa Busasamana? Akasema, "Sha, hata mi ningelipiga." Siku hiyo bibi alipika pilau, na ukoko wa sufuria, ambao wajukuu tulikuwa tukipigania, akanipa mimi peke yangu mbele ya wote.

Juzi pale Nengo nilikuta nyumba na kuta zenye vigae. Stroberi hakuna. Mkaratusi umekatwa. Mwisho wa miaka ile mzungu aliondoka na karabini yake, mjomba akabaki na mkanda usio na bunduki, na bibi tulimzika kabla sijanunua lori langu la kwanza, yeye ambaye angelipanda mbele akapungia mtaa mzima. Kunguru tu ndio wapo. Mmoja alitua ukutani akanicheka, nami nikamnyooshea kidole kama mtutu.

Kile kifuko mjomba aliniachia. Kinaning'inia ndani ya lori langu kubwa kuliko yote, na dereva mpya akikifunga kwa nguvu ili kisicheze, nakifungua mwenyewe.