Kitambaa Chekundu cha Injinia

Madungu, huku Pemba, palikuwa na kinu cha kukamulia ufuta, na kinu hicho kilizungushwa na punda aliyefungwa kitambaa machoni. Punda wa kinu hufungwa asipate kizunguzungu, ndivyo tulivyoambiwa. Huyu alifungwa miaka mingi mpaka akapofuka kweli, na mwenye kinu akaendelea kumfunga vile vile kila asubuhi, kwa mazoea tu. Sie vijana wa barazani tulikuwa tukimpelekea mashudu tuliyoyachanganya na pilipili. Anakula, halafu tunakaa kumtazama. Mtu akikwambia vijana wa zamani walikuwa na huruma, muulize wa wapi.

Punda akafa mchana, katikati ya mzunguko, na mwenye kinu akatafuta mtu wa kumchimbia shimo. Nikajitokeza mie. Shimo likatoka zuri, kingo zimenyooka kama ukuta, watu wakaja kulitazama na punda wakamsahau. Basi kazi yangu ikaanzia hapo. Skuli nilikaa mwaka na nusu, sikuona cha maana. Nikachimba vyoo, nikachimba makaburi, nikachimba visima. Nimeoa wake watatu kwa jembe na mtaimbo. Aliyebaki ni huyu wa Wawi, yuko hapa uani anapembua mchele, na kanambia ikiwa nataka kulisema hili la kisima niliseme lote au ninyamaze.

Haya, nitalisema lote.

Baada ya Mapinduzi ikaja kazi ya kujenga taifa. Kamati yetu ikaamua kisima kichimbwe upande wa Vitongoji, maana wanawake wa kule walikuwa wakifuata maji mbali, na mie nikafanywa mkubwa wa wachimbaji. Siku ya kwanza mwenyekiti wa kamati akaja na mzee wa Kihindi wa Madungu. Sote tulikuwa tukimjua kwa sura, tukimwita Injinia. Mwembamba, kofia ya kitani, mkono wa kushoto una vidole vitatu.

Mkewe alikuwa amekufa. Nyumba yake ilikwisha kuchukuliwa, kaachiwa chumba kimoja cha nyuma. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa Tanga, kazaa, na mzee alitaka kwenda kumalizia umri wake huko. Siku zile hutoki Pemba bila kibali, na kibali kilikuwa kwa mwenyekiti. Kila Jumatatu Injinia alikuwa akenda kukaa mlangoni kwake, kofia magotini, na kila Jumatatu anaambiwa arudi Jumatatu.

Mwenyekiti akatwambia mbele yake, “Huyu hapa msomi wenu. Kawachimbia Wazungu dhahabu maisha yake yote, sasa atuchimbie na siye maji.” Akamgeukia. “Maji yakitoka, Injinia, na kibali chako kinatoka.”

“Maji matamu?” mzee akauliza.

“Kwani sie tunakunywa ya chumvi?”

Tukacheka. Injinia hakucheka. Alivua kofia akashukuru, na kutoka siku ile hakukosa hata moja mpaka alipougua, anakuja kwa miguu kutoka Madungu.

Wakati wa kupumzika alikuwa akisimulia, ukimuuliza, na mie nilikuwa nikimuuliza kwa sababu alipokuwa akisema hatukuwa tukichimba. Babake alikuwa na duka la nguo mjini Chake Chake. Alimpeleka Bombei kusoma, akitaka mwanasheria, mtoto akarudi fundi wa migodi. Wakati huo Mwingereza ndiyo kwanza kaichukua Tanganyika. Akaajiriwa huko bara kwenye dhahabu. Yeye ndiye aliyepima, yeye aliyechora, yeye aliyeshuka na mshumaa kwanza, na Mzungu ndiye aliyetia saini. Siku moja akaandika kwamba njia fulani ya chini haina magogo ya kutosha, itaanguka. Wakamwambia anapoteza wakati. Ikaanguka na watu saba ndani. Alichimbua kwa mikono mpaka vidole viwili vikabaki kule, na watu hakuwapata. Kisha karatasi ikaandikwa kwamba kosa ni la Mhindi, akafukuzwa kazi. Nilimuuliza, hukugomba? Akanambia aligomba, kwa barua, miaka kumi na moja. Sie tukaona ni kichekesho, mtu kugombana kwa barua miaka kumi na moja. Mmoja wetu akawa kila akitaka maji ya kunywa anasema, “Nitakuandikia barua.”

Sharti lake lilikuwa hili: kila asubuhi kandili iteremshwe kisimani kabla ya mtu. Ikizimika, hewa ya chini ni mbaya, hashuki mtu. Lakini mafuta ya taa siku zile yalikuwa ya foleni, na mwenyekiti alipokuta kandili inawaka juani alikasirika.

“Taa mchana, wananchi wanalala gizani?”

Injinia akamweleza. Mwenyekiti akamsikiliza vizuri sana, kisha akasema, “Basi tushushe wewe. Ukizimika, tutajua.”

Tukamfunga kamba kiunoni tukamshusha. Mie ndiye niliyeshika kamba mbele. Alipofika nusu mwenyekiti akaniashiria nisimame, nikasimama, na mzee akaning’inia akizunguka polepole huku miguu inatafuta ukuta. Tulimwacha hivyo muda wa sigara nzima ya mwenyekiti. Hakupiga kelele. Tulipomfikisha chini ikaja sauti yake, ya kawaida kabisa, “Hewa nzuri. Shukeni.” Na asubuhi zote zilizofuata alikuja kujifunga kamba mwenyewe, bila kuambiwa. Alikuwa akikitaka kile kibali.

Maji tukayapata kwenye pima saba, pima moja ni mikono miwili ya mtu ikinyooshwa. Nikayaonja mie wa kwanza, na wallahi sijapata kunywa maji kama yale. Injinia akashuka, akasimama, yakamfika magotini. Alipopanda akatukusanya akatwambia tusimame hapo hapo. Bahari iko karibu, akasema, na chini ya maji haya matamu yapo ya chumvi. Haya yamekaa juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Ukichimba zaidi unayaita ya chumvi yapande, na yakishapanda hayashuki. Akachukua kamba ya kupimia, ile yenye jiwe mwishoni, akafunga kitambaa chekundu. Jiwe likigusa chini na kitambaa kikiwa mdomoni mwa kisima, basi. Kazi iliyobaki ni kusafisha na kujengea ukingo. Wenzangu walikwisha kumwamini. Kwa kitambaa kile wangeapa.

Akapatwa na homa, pengine ya kuning’inia na unyevu. Akanipa mie kamba. “Wewe fundi,” akanambia. “Kitambaa hiki kiangalie wewe.” Hakuna mtu aliyewahi kuniita fundi kwa sauti ile.

Siku ya pili yake mwenyekiti akaja na habari kwamba mgeni mkubwa anatoka Unguja kukifungua kisima. Maji ya magotini hayakumpendeza. Alitaka ndoo izame ipotee. Wachimbaji wakasema Injinia kakataza. Mwenyekiti hakubishana nao. Akanita pembeni chini ya mkarafuu, akanambia nikisogeze kitambaa pima moja.

Niseme niliogopa? Niliogopa, mwenyekiti alikuwa mtu wa kuogopwa. Lakini si hilo tu, na huyu wa uani ananitazama. Niliona raha. Mtu aliyejua zaidi yetu sote alikuwa kitandani anatetemeka, na neno lake lilikuwa fundo moja mkononi mwangu. Wenzangu walipokwenda kuswali alasiri nilibaki nyuma. Nikalifungua fundo, nikanyoosha mikono kupima, nikalifunga tena. Waliporudi nikawambia tulikosea kupima, bado pima nzima. Wakashuka. Siku nne tulichimba huku tunateka, na maji yakawa mengi, mwenyekiti akafurahi. Siku ya tano niliyaonja kidogo, nikanyamaza.

Siku ya mgeni Injinia alikuja na kofia yake, kanyoa ndevu, kavaa koti, na begi dogo mkononi. Begi lile lilitwambia kila kitu; alikuwa na nia ya kuondoka hapo moja kwa moja kwenda bandarini. Mwenyekiti alikuwa na kibali mfukoni, alikwisha kutuonesha, kina muhuri. Wanawake wakapiga vigelegele, kata ya kwanza akapewa mgeni. Akanywa, akatema juu ya viatu vyake.

Mwenyekiti akawambia watu wanaona wenyewe, Mhindi kawatia chumvi, kazi yake ni hiyo hiyo tangu kwa Wazungu. Injinia alikwenda kwenye kamba, akaiteremsha mpaka jiwe likagusa, akaishika penye kitambaa. Kisha akaivuta juu akaipima kwa mikono yake, na vidole vyake vitatu, moja, mbili, mpaka nane. Akaja kwangu.

“Nani kakisogeza?”

“Sijui, Mzee,” nikasema.

Alinitazama. Si kwa hasira, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Alinitazama kama mtu aliyewahi kuiona sura yangu mahali pengine, zamani.

Mwenyekiti akakitoa kibali, akanipa mie. “Kitie kisimani,” akasema. Akamgeukia Injinia. “Si ulisema huyu ndiye fundi wako?” Watu wakacheka, mgeni naye. Nikaenda mpaka ukingoni nikakiachia. Kilielea muda, wino wake ukafunguka, tukakitazama.

Injinia akafungua kitambaa kwenye kamba, akakikunja, akakitia mfukoni. Akaokota begi. Njia ya Wawi na mjini ilikuwa kulia kwake. Yeye akashika ya kushoto, inayopita katikati ya mihogo kwenda pwani. Mtu mmoja akamwita, “Mzee, mjini huku,” kwa kejeli, kisha mara ya pili bila kejeli. Hakugeuka. Kofia yake ilionekana juu ya majani ya mihogo, kisha haikuonekana. Madungu hakurudi, Vitongoji hakuna aliyemwona akipita, na Tanga hakufika: binti yake alileta barua kumuuliza.