X nyekundu kwenye ukuta wa mama

Jamani, leo nusura nimuue mama yangu kwa herufi moja.

Asubuhi nilichukua rangi nyekundu nianze kuandika X-MAS NJEMA kwenye ukuta wa mbele wa nyumba yetu hapa Bariadi. Nilikuwa nimemaliza X tu, mama akarudi kutoka sokoni.

Akaiona. Akakaa chini palepale, na ndoo yake ya dagaa.

"Wamekuja saa ngapi?"

Si mnajua X nyekundu ukutani maana yake. Barabara inapita, nyumba inabomolewa.

Nikamwambia, "Mayu, ni mimi. Ni ya Krismasi." Nikamweleza tulivyofundishwa kanisani: kwa Kigiriki jina la Kristo linaanza na herufi inayofanana na X, ndiyo maana watu wanafupisha hivyo.

Akapumua. Akacheka kidogo, mkono kifuani. Akapita ndani kwenda uani kuanika dagaa.



Halafu akaniita, sauti ya chini.

"Na hii ya huku nyuma, nayo ni ya Kristo?"

Huku nyuma mimi sijagusa. Na rangi yake ilishakauka.



Majirani, hebu zungukeni nyumba zenu, mniambie mmeona nini.