Niliwatafsiria Katuni ya Kijapani na Kijapani Sikijui

Kosa ni langu. Nimetafuta kwa muda mrefu mtu wa kugawana naye nikamkosa. Nilidanganya chumba kizima cha wanaume wenye ndevu, Ijumaa baada ya Ijumaa, kwa katuni ya watoto wa shule. Nikianza kusimulia huwa nacheka. Nikifika katikati kicheko kinakauka.

Ilikuwa ile miaka nguzo za metro zilikuwa zimesimama njia nzima na treni yenyewe bado. Tulikuwa wanaume sita katika nyumba moja Discovery Gardens, huku Uarabuni. Mimi nilikuwa nashusha mizigo ghala moja kule Jebel Ali. Kitanda cha chini yangu alilala Mzee Wafula, mlinzi, mtu wa Kitale. Hakuwa mzee hasa, ila alikuwa ametuzidi sote umri, na alikuwa na binti wa miaka kumi na tano, Nekesa, ambaye alimwacha akiwa na kumi. Kitanda cha dirishani kilikuwa cha Saidi, Mzanzibari, mpishi wa hoteli moja.

Ijumaa moja mchana akabisha mlango dada wa Kichina, wale waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba na begi la DVD. Saidi akachagua boksi lenye picha ya msichana wa katuni amevaa sare ya shule, ameshika mwavuli. Sidii sita, sehemu ishirini na sita. Tukaweka kwenye deki. Watu wakaanza kusema Kijapani, na chini ya kioo yakapita maandishi kama miguu ya kuku.

"Sasa hii nani ataielewa?" Saidi akauliza.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipotangulia. Nikasema, "Mimi. Si nilikuwa Mombasa miaka mitatu kwa yadi ya magari ya Kijapani?"

Yadi nilifanya kazi kweli. Nilikuwa naosha magari. Mjapani mwenyewe sikuwahi kumwona hata mmoja. Kijapani changu chote kilikuwa vibandiko vilivyobaki kwenye vioo, na hata hivyo sikujua kama vinasema karibu au hatari.

Lakini utotoni nilikuwa nashinda kwenye vibanda vya video, ambako jamaa mwenye maikrofoni alikuwa anasimulia filamu za Kichina kwa Kiswahili, na watu walikuja kumsikiliza yeye kuliko filamu. Kazi hiyo niliitamani maisha yangu yote. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya televisheni, nikasafisha koo, nikaanza.

Niwaambie ukweli, nilikuwa mzuri. Bibi kizee wa kwenye katuni nilimpa sauti ya mama mkwe. Mwalimu nikamfanya Mluhya kwa heshima ya Mzee Wafula. Wale wadudu wanaopiga kelele kila ikifika kiangazi, nikasema ni transfoma imeharibika na mtaa hauna stima. Fataki za sherehe ya mtoni nikasema ni matokeo ya uchaguzi. Maandishi ya chini nilikuwa nayafuata kwa kidole kama mtu anayesoma. Baadaye sana nikaja kuambiwa yale maandishi hayakuwa hata ya Kijapani. Yalikuwa ya Kichina.

Msichana mwenyewe tulimwita Mate. Kila akikimbia kutoka darasani au nyumbani kwa bibi yake, na alikuwa wa kukimbia sana, watu walimpigia kelele "Mate! Mate!" Kwa hiyo nikatangaza kwamba hilo ndilo jina lake.

"Mtoto wa kike anaitwaje Mate?" Saidi akasema. "Kama ya mdomoni?"

"Kule kwao ni jina la heshima," nikamjibu. Akakubali, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa yadi miaka mitatu.

Kuanzia hapo wakaniita Mjapani. Wenzetu wa nyumba ya jirani wakawa wanakuja na chai yao. Mimi, mtu ambaye ghalani sir, msimamizi wetu, alikuwa ananiita "you", nilikuwa nina kiti changu, na watu wananyamaza nikifungua mdomo. Utamu wake sikuwahi kuupata kokote.

Tulipofika sidii ya tatu nikapata siku ya mapumziko katikati ya wiki, wenzangu wote wako kazini. Nikaweka ile sidii ili nijiandae, maana msimuliaji mzuri hujiandaa. Nikabonyeza rimoti ovyo, na chini ya kioo ikatokea Kiingereza. Ilikuwemo tangu siku ya kwanza. Kitufe kimoja tu.

Nikakaa nikasoma. Yule msichana hakuwa anaitwa Mate. Mate ni "ngoja". Watu walikuwa wanamwambia angoje. Wadudu walikuwa wadudu. Na baba yake, ambaye mimi nilikuwa nimemfanya nahodha shujaa anayesifiwa mji mzima, alikuwa tu mtu anayefanya kazi mbali, anayetuma barua na zawadi, na binti yake hazifungui. Anazipanga chini ya kitanda, boksi juu ya boksi. Hadithi yote ilikuwa hiyo: msichana anakua, na kila anavyokua anamhitaji baba yake kidogo zaidi, na inamuuma.

Aibu ilinishika kwa muda wa chai kuchemka. Halafu nikarudisha maandishi ya Kichina, nikaitia rimoti kwenye soksi, soksi nikaitia kwenye sanduku langu, nikafunga kwa kufuli. Jioni nikawasaidia kuitafuta. Niliinua hata godoro la Saidi nikimlaumu kwa uchafu.

Sasa nije kwa Mzee Wafula.

Mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha. Arbab wake, yaani bosi, alimpa karatasi: atie sahihi miaka miwili mingine, au arudi nyumbani. Alikuwa anatembea nayo mfukoni imekunjwa mara nne. Kilichomsumbua ni Nekesa. Zamani akipiga simu, mtoto alikuwa anapokonya simu mikononi mwa shangazi yake. Siku hizi shangazi anasema, "Ameenda kuoga," au "Amelala," saa kumi alasiri, na barua anazotuma hazijibiwi.

"Mjapani," aliniambia siku moja tukingoja basi la kazi, "huyu Mate na babake watapatana kweli?"

"Ngoja uone, mzee," nikasema.

Sehemu ya ishirini na mbili nilikuwa nimeisoma kwa Kiingereza siku nyingine ya mapumziko, nikiwa peke yangu na rimoti nimeitoa sandukuni. Msichana yuko kituo cha treni, ana bahasha ya baba yake mkononi. Anatazama mbinguni dakika nzima. Hizo katuni ziko hivyo, mtu ananyamaza na mawingu yanapita. Kisha anasema, "Sikungoji tena," anachana bahasha na upepo unachukua vipande.

Ijumaa ikafika, chumba kimejaa. Mzee Wafula amekaa chini kabisa mbele, bado amevaa sare, kofia yake ya kazi magotini. Msichana akatokea na bahasha. Nikamtazama Wafula usoni.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimhurumia. Huruma ilikuwepo, kidogo. Lakini zaidi niliona watu kumi na wawili wamenikodolea, nikataka walie. Ile dakika ya kimya nikaijaza yote. Nikalegeza sauti nikasema: "Baba, hata ikiwa miaka kumi nitakungoja. Wewe fanya kazi. Najua unahangaika kwa ajili yangu. Mimi sina kinyongo." Na alipochana bahasha nikasema anaupa upepo majibu yake umpelekee baba baharini.

Wafula alijifuta macho kwa kofia. Akaomba irudishwe mwanzo. Nikasimulia tena, akaomba mara ya tatu.

"Mbona safari hii kasema mengine?" Saidi akauliza.

"Kijapani kina maana nyingi," nikasema.

Keshoye Wafula alitoa ile karatasi mfukoni, akainyoosha juu ya meza ya jikoni, akatia sahihi mbele yangu. "Mtoto anaelewa," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa na wasiwasi bure. Asante, Mjapani."

Mimi nikamwambia, "Hamna shida, mzee."

Mambo yangeishia hapo, lakini Wafula akataka Nekesa naye aione. Kuna jamaa wa Kitale alikuwa anakwenda likizo. Nilipigana nisiachie boksi lile. Nilisema sidii zimechubuka. Nilisema katuni si nzuri kwa mtoto wa kidato cha kwanza. Nilisema uwanja wa ndege watazikamata. Saidi akaniuliza kama nimerogwa. Boksi likaondoka.

Ijumaa ya tatu baada ya hapo, mchana, tumemaliza kula, simu ya Wafula ikalia. Alikuwa Nekesa mwenyewe, amepiga yeye. Wafula alifurahi mpaka akaweka sauti ya juu tusikie sote. "Mjapani, sogea," akaniita. "Sogea usikie shukrani zako."

"Baba," mtoto akasema, "nimeona zote. Nilimaliza jana. Baba, sikujua kama unajua."

"Najua nini, mama?"

"Vile sifungui barua zako. Ziko tu kwa sanduku. Nilidhani shangazi alikuficha." Sauti yake ikapasuka kidogo. "Ukanitumia hii ndio uniambie umejua na hukasiriki. Nimelia sana, baba."

Wafula alikuwa bado anatabasamu, ile tabasamu ya mtu ambaye hajasikia vizuri.

"Lakini Mate si alimngoja baba yake?" akauliza.

"Mate nani?"

"Huyo msichana."

"Baba, haitwi hivyo. Hiyo ni kumwambia angoje. Imeandikwa hapo chini kwa Kizungu, unabonyeza tu." Kisha akauliza polepole, "Kwani ninyi mliona gani?"

Wafula aliizima ile sauti ya juu, akatoka na simu kwenye kibaraza, akafunga mlango wa kioo. Alikaa huko mpaka adhana ya alasiri ikapita. Sisi tulimwona mgongo tu.

Aliporudi nilikuwa na uongo wangu tayari. Nikasema nilikosea, Kijapani changu kimepata kutu. Saidi akanitazama, akasema taratibu, "Na rimoti ilipotea lini vile?"

Macho yangu, wapumbavu wawili, yakaenda kwenye sanduku. Wote wakayafuata. Nilifungua kufuli mwenyewe. Soksi ilipotoka, mmoja wa jirani akaanza kucheka, akamwona Wafula, akaacha.

"Pale kituoni," Wafula akaniuliza, "alisema nini?"

"Alisema, 'Sikungoji tena.'"

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kabla sijatia sahihi?"

"Kabla."

Hakunitukana wala hakunigusa. Ningeshukuru angenipiga. Alichukua taulo lake akaenda kuoga.

Jumapili alikwenda ofisini kuomba karatasi ile ichanwe. Wakamwambia khalas, yamekwisha, imeshapelekwa. Walichompa ni likizo ya mwezi mmoja, aingoje miezi mitano. Miezi hiyo mitano hakusema nami neno, na vitanda vyetu vimeshikana. Akitaka nifunge dirisha anamwambia Saidi, na Saidi ananiambia mimi niliye hatua moja. Jina la Mjapani wakaninyang'anya. Wakanipa Mate, na hilo la mdomoni. Watu wa ghala nzima wananiita hivyo mpaka leo, na wengi wao hawajui sababu, wanadhani ni jina la kwetu.

Wafula alipokuwa nyumbani alimpigia Saidi kumsalimu. Saidi akanisogezea simu akisema kuna mtu ananitaka. Alikuwa Nekesa.

"Shikamoo, anko. Wewe ndiye ulikuwa unatafsiri?"

Nikasema ni mimi. Nikaanza kuomba msamaha, na kuomba msamaha kwangu ni kama kusimulia katuni, maneno mengi. Akanikatiza kwa adabu.

"Anko, pale kabla achane bahasha, ananyamaza. Ulimwambia baba anasema nini?"

Nikamrudia maneno yangu, yale ya miaka kumi na kutokuwa na kinyongo. Kwa sauti ya kawaida yalikuwa ya ajabu hata masikioni mwangu.

Kisha akasema, "Mimi niko na kinyongo. Nimemwambia baba mwenyewe. Tumekaa naye nikamwambia yote, na amesikia." Akaongeza, "Lakini anko, angekuja mapema. Alikuwa anataka kuja. Wewe ulimwambia mimi nimesema asije."

Akaaga, nami nikamrudishia Saidi simu.

Wafula alirudi, akamalizia miaka yake miwili siku kwa siku, kwa sababu mkataba ni mkataba. Miaka hiyo tulirudi kusalimiana. Akimpigia binti yake mimi nilikuwa natoka nje nikazunguka jengo mara mbili tatu, mpaka mlinzi wa pale akanizoea.

Wewe unayesoma hii, huenda kuna mtu anakutegemea umwambie mwingine amesema nini. Labda ni mama yako kwa daktari, au mwenzako mbele ya madam wake. Mpe yaliyosemwa, hata kama ni machungu, hata kama watu wote wamekaa wanangoja utamu. Na usipoelewa, sema sijui. Neno hilo mimi nilikuwa nalo kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa lugha ya kwetu na kwa Kiarabu cha ghalani. Lugha nne, na sikulitumia hata kwa moja.