Mwalimu Anasema Shosho Yangu Aliandikwa na Simu

Admin, naomba usiweke jina langu wala la shule. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, naishi Dagoretti na mama. Mimi si mtu wa kuongea, hata darasani hujibu nikiulizwa tu.

Wiki jana tuliandika insha ya Kiingereza kuhusu mtu tunayempenda. Niliandika jinsi shosho yangu, yaani nyanya, anavyokama ng'ombe "at an unhurried pace". Maneno hayo yalimfaa kabisa, kwa sababu shosho hana haraka hata mvua ikimnyeshea. Madam, mwalimu wetu wa Kiingereza, aliyasoma mbele ya darasa. "Hii ni simu imeandika. Nani hapa anaandika hivi?" Wavulana wa nyuma wakaitikia, "Shosho ya AI hiyo!"

Nikasema ni yangu. Akanipeleka ofisini, akanipa karatasi. "Basi andika nyingine nikikuona." Yakaja tu maneno yale tuliyokaririshwa tangu shule ya msingi. Nikaandika kwamba nilikimbia "as fast as my legs could carry me", kama kila mtoto wa Kenya. Akasoma, akatabasamu. "Sasa huyu ndiye wewe."

Ukweli ni kwamba mama hukunja programu za mazishi kwenye duka la kuchapisha, River Road. Zilizoharibika huniletea. Nasoma wasifu wa marehemu, nakata sentensi nzuri na kuzibandika kwenye daftari. Maneno yale ya shosho niliyapata kwenye wasifu wa karani mmoja mstaafu aliyependa kutembea. Lakini bosi wa mama amekataza karatasi yoyote kutoka, kwa sababu wateja hawataki habari za wafu wao zizagae. Mwenzake mama alifutwa kazi kwa hilo. Na bosi huyo anasali kanisa moja na Madam.

Madam anataka mzazi Jumatatu. Nikikiri ni simu, napewa barua ya udanganyifu na natolewa kwenye mashindano ya insha, kitu pekee ninachokiweza. Nikionyesha daftari, mama anaweza kupoteza kazi.

Mama, ambaye huniita Mami, aliniambia akiangalia ukuta, "Mami, kubali tu. Barua utaisahau. Mimi kazi nyingine nitatoa wapi?"

Sijamkasirikia. Lakini tangu siku hiyo siwezi kuandika, hata huu ujumbe nimeuanza mara nne. Nyinyi mlionizidi umri, niambieni: Jumatatu nisimame mbele ya mama yangu nikubali kwamba shosho aliandikwa na simu?