Mwaka Nilioitwa Bwana

Mtu wa kwanza kuniita Bwana alikuwa karani wa kiwanda kimoja huko Muhoroni. Karibu kila asubuhi alipiga simu akitaka nimuunganishe na Nairobi, na kwa miaka minne tulikuwa tumesalimiana bila kuonana. Mimi nilikuwa opareta wa simu mjini Kisumu, miaka ile ya themanini ambapo simu nyingi za mbali hazikupita bila mkono wa mtu. Unachomeka waya hapa, unachomoa pale, kisikilizio kiko kichwani kutwa nzima. Asubuhi hiyo nilimwambia angoje kidogo, laini ina watu.

"Sawa, Bwana," akajibu kwa adabu. "Lakini yule mama wa siku zote yuko wapi? Amepewa likizo?"

"Ni mimi."

"Pole, Mama. Una homa?"

Sikuwa na homa wala mafua. Wenzangu wawili waliokaa kando yangu walicheka nilipowasimulia, nami nikacheka nao, ingawa moyoni nilishtuka. Kazi yetu ilikuwa sauti. Siku niliyohojiwa, msimamizi alinigeuzia mgongo makusudi ili asione sura, asikie tu. Basi nikanywa tangawizi na limau mwezi mzima. Sauti ikazidi kushuka, nzito, yenye mikwaruzo, kama ya mzee aliyeamshwa.

Tena nilianza kusikia baridi. Anayeijua Kisumu atadhani natania, kwa maana mchana wa Februari hata mbuzi hutafuta ukuta wenye kivuli. Mimi nilikwenda kazini na sweta ya sufu. Nyumbani kwetu Otonglo nilifunga madirisha yote, na mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikaa sebuleni akisahihisha madaftari huku jasho linamdondokea kwenye karatasi. Ni mtu mpole. Mara moja tu aliniuliza, "Tufungue hata kidirisha kimoja, cha upande wangu?"

Kisha nikanenepa, na sikuwa nakula sana. Uso ukajaa, ngozi ikakauka, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Nilisinzia mbele ya waya zangu. Msimamizi akaniandikia barua kwamba nimekuwa mzembe, nami niliisoma nikaona kama anasema kweli. Nilikuwa nimepita zahanati mbili. Moja ilinipa dawa ya malaria, nyingine vidonge vya kuongeza damu.

Tulikuwa tumeoana miaka mitano bila mtoto, kwa hiyo mwili ulipoongezeka kila mtu alifikiria lake. Mama mkwe wangu, mjane aliyelima mtama Kisian, alifika Jumamosi moja na unga wa wimbi na kuku aliyefungwa miguu. Hakuuliza neno. Alinikorogea uji, akaketi akiniangalia nikinywa. Nilikosa ujasiri wa kumwambia. Akaendelea kuja kila baada ya wiki mbili, na uji ukaendelea.

Mwezi wa nne wa uji huo aliketi karibu nami kuliko kawaida.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "mimi nimezaa mara saba. Hii si mimba."

"Najua, Mama."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na uji wangu ukanywa."

"Ulikuwa mtamu."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Mimi nilianza kucheka, nikajikuta nalia. Akaniacha nilie mpaka nikamaliza, kisha akasema Jumatatu tutakwenda hospitali. Alisema tutakwenda, hakusema utakwenda.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mvi. Nilipoanza kueleza alikuwa anaandika, lakini baada ya sentensi mbili tatu aliweka kalamu chini akanisikiliza tu. Halafu akamgeukia mama mkwe.

"Sauti yake ilikuwa hivi alipoolewa?"

"Hapana. Alikuwa akiongea, ungemsikiliza bila kujali anasema nini."

Daktari alinipigisha magoti juu ya kiti, miguu ikining'inia nyuma, akanigonga kwa kinyundo cha mpira juu ya kisigino. Mguu uliruka upesi, ila kurudi ukarudi polepole, kama mtu anayeteremka ngazi na ndoo ya maji. Alimwita mama mkwe asogee atazame, akagonga tena.

"Hapa shingoni kuna tezi ndogo, umbo lake ni kama kipepeo," akaeleza. "Inatoa homoni, na homoni hiyo ndiyo inayouambia mwili uende kwa mwendo gani. Nadhani yako haitoi ya kutosha. Ndiyo maana kila kitu kimepunguza mwendo. Tumbo, moyo, joto la mwili. Hata hiyo sauti."

"Kwa hiyo si uvivu?" nikauliza.

"Si uvivu."

Damu ilipelekwa Nairobi, majibu yakachukua wiki tatu, yakawa kama alivyodhani. Nikapewa vidonge vidogo vyeupe, kimoja kila asubuhi kwa maji matupu, na chai ingoje. Maisha yote, alisema daktari. Mama mkwe akauliza maisha yote maana yake nini. Daktari akamwambia, "Maana yake atazeeka akivimeza." Neno hilo la kuzeeka lilimridhisha.

Wiki ya sita nilikuwa kazini niliposikia kitu kinanitambaa nyuma ya sikio. Nilidhani mdudu. Lilikuwa jasho. Nilivua sweta, nikaikunja juu ya mapaja, nikakaa nikisikia joto la Kisumu kama watu wengine. Sauti ilichelewa zaidi. Ilipanda kidogo kidogo kwa miezi, mpaka siku moja karani wa Muhoroni akaniambia, "Mama, umerudi kutoka likizo?"

"Nimerudi."

"Na yule Bwana?"

"Amehamishwa."

Mwaka wa pili wa vidonge nilipata mimba, na hapo daktari aliniongezea dozi, akanipima damu mara kwa mara. Akazaliwa binti mwenye mapafu yenye nguvu. Wa pili alikuja miaka ya tisini ilipoanza.

Wakati huo daktari alikuwa akikusanya habari za wanawake waliozunguka zahanati kwa muda mrefu kabla tezi yao haijashukiwa. Aliniomba nije kuzungumza na wanafunzi wa uuguzi. Nilikubali kwa sharti kwamba jina langu lisiandikwe popote. Mama mkwe alikuja pia, hakuna aliyemwalika, akaketi safu ya mbele.

Niliwaeleza yote. Msichana mmoja akauliza ni dalili gani iliyonisumbua kuliko zote. Nikamwambia ni ile ya kujiona mzembe, kwani hiyo sikuitaja kwenye zahanati hata moja. Niliona wanaiandika. Mama mkwe, ambaye hakujua kuandika, alimtazama jirani yake mpaka akamaliza mstari, kisha akatikisa kichwa kukubali.