Gitaa la Plastiki kwa Mkono wa Tata

Tata, baba yetu, alipopigwa na kiharusi, mkono wake wa kushoto ulilala na haukuamka. Mguu ulirudi kidogo kidogo, mdomo ukanyooka, hata utani wake ukarudi. Mkono ukabaki pajani kama mali ya mtu mwingine. Na sendofu ya mdogo wangu, kitindamimba wetu aliyeposwa Nyakatuntu, ilikuwa inakaribia.

Kwetu Ihembe, katika nyumba ya baba yangu, binti hakuondoka kimya. Dada zetu wakubwa wote waliagwa kwa enanga ya tata: ubao uliochongwa kama hori dogo, wenye nyuzi za kano za ng'ombe, unaopigwa kwa mikono miwili. Aliimba ukoo, akaimba ng'ombe wa ukoo, na mwisho kabisa akamwimba binti kwa jina lake. Mdogo wangu hakuwa na habari ya gauni wala keki. Swali lake lilikuwa moja tu: "Tata atapiga?"

Hospitalini walituambia vidole vifanyishwe kazi kila siku, wakampa mpira wa kubinya. Aliubinya mara chache, kisha akaurusha uani, na watoto wa jirani wakapata cha kuchezea.

Ndipo nilipokumbuka gemu. Rafiki yangu mmoja wa Mwanza, alipokuwa anahama, aliniachia gemu ya bendi: gitaa la plastiki lenye vitufe vitano vya rangi, ngoma za plastiki, na kipaza sauti. Rangi zinateremka kwenye runinga, nawe unabonyeza kitufe cha rangi hiyo hiyo kwa vidole vya kushoto. Vya kushoto! Niliteremka nayo kwenye basi Nyaishozi, ngoma zikafungwa nyuma ya bodaboda, na njia nzima watu wakaniuliza ni kanisa gani limenunua vyombo.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Hilo ni nini?"

"Gitaa."

"Nyuzi ziko wapi?"

"Halina."

Alicheka mpaka mama akatoka jikoni. "Njoo uone," tata akamwambia. "Mwanao amesoma, amesoma, mwisho ameniletea gitaa lisilo na nyuzi."

Alikubali kwa sababu mdogo wangu alikaa kwenye ngoma na kumwambia kwamba akiogopa kushindwa na mtoto wa kike, aseme tu. Mama alipewa kipaza sauti, akakishika kama mwiko. Wimbo ulikuwa wa Kizungu na hakuna aliyeujua, basi mama akaimba pambio la kanisani juu yake.

"Kijani, tata! Kijani!"

"Ng'ombe wa kijani sijawahi kumchunga."

"Nyekundu basi!"

"Huyo namjua. Huyo ni bihogo." Na kidole chake cha pili, Mungu ni shahidi, kikashuka juu ya kitufe chekundu.

Lakini tata alikuwa na kosa lake. Mpiga enanga hafululizi. Anafika mahali, ananyamaza, anasubiri waliokaa naye waitikie, na wasipoitikia haendelei, maana anamwimbia nani? Tata alibonyeza nyekundu yake, akaondoa mkono, akawatazama wale watazamaji waliojaa kwenye runinga, akawasubiri. Rangi zikampita bila kuguswa. Watazamaji wakaanza kuzomea, na wimbo ukakatika.

Aliliweka gitaa chini. "Watu gani hawa," alisema, "wanaingia nyumbani kwangu, hawaitikii, halafu wananizomea?"

Tulicheka. Yeye hakucheka.

Kesho yake nilizima sauti ya watazamaji na kuiweka gemu isiwe inamkatiza mtu. Tukakaa nyuma ya kiti chake, na kila aliponyamaza tukaitikia kwa Kinyambo, huku runinga ikimhesabia makosa ambayo hayakutuhusu tena. Hivyo ndivyo tulivyopiga msimu ule. Ng'ombe wakisharudi zizini, umeme ukiwepo, sebule yetu ilikuwa bendi. Kidole cha pili kikazoea. Cha tatu kikaanza kutetemeka, kisha kutii. Mdogo wangu aliniminya mkono, naye mama akaanza kumwambia kila jirani aliyepita kwamba mzee anarudi. Nami niliamini. Niliamini kwa nguvu zangu zote, kama mtu anavyoamini mvua akiona wingu moja.

Jumapili moja baada ya ibada tata aliomba enanga. Mama akaishusha ukutani, akaifuta vumbi kwa upindo wa kanga, akamlazia pajani. Mkono wa kulia ukaanza, nyuzi zikasema, na mioyo yetu ikapanda. Kisha ukaja wakati wa kushoto. Kitufe kinasubiri kidole kizito, uzi hausubiri. Mkono ulianguka juu ya nyuzi zote kwa pamoja, zikatoa mlio kama wa kitu kilichokanyagwa. Akajaribu tena. Akajaribu tena.

"Irudishe," alimwambia mama. Hakumtazama mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa ameinamia ngoma za plastiki, anakaza parafujo ambayo haikuwa imelegea.

Siku ya sendofu wageni kutoka Nyakatuntu walijaa hemani. Mshereheshaji alipomwita baba wa binti, tata alisimama kwa fimbo, bila enanga, akaanza kuimba kwa mdomo mtupu. Aliimba ukoo. Aliimba ng'ombe. Pale ambapo nyuzi zingetembea zenyewe aliacha nafasi, nasi tukaitikia, lakini tulikuwa wachache na hema lilikuwa kubwa. Katika nafasi mojawapo, ndefu kidogo, dijei akadhani mzee amemaliza. Watu wakapiga makofi, spika zikafunguliwa, vijana wakaingia wakicheza. Tata alibaki amesimama, mdomo wazi. Kisha akaketi.

Jioni ya siku ya pili baada ya harusi mdogo wangu alipiga simu kutoka kwa mumewe.

"Tata, wimbo haukufika kwangu."

"Walifungua muziki, mwanangu."

"Niimbie sasa hivi. Nasikiliza."

"Jina la binti haliimbwi kwenye simu. Njoo, utalikuta."

Alikuja kahawa zilipoiva. Alikuja haraka, kwa sababu aliyemwita ni mimi: kiharusi cha pili kilikuwa kimeuchukua ulimi wa tata. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamwamkia. Midomo ya tata ikafunguka, koo likapanda na kushuka, macho yakamkazia bila kupepesa. Mama akaacha kusali. Mdogo wangu alisogeza sikio karibu, karibu zaidi, akakaa hivyo mpaka magoti yakafa ganzi, tukamwinua.