Helufi L Imekufa

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa majaribio katika ofisi ya chama cha wakulima wa miwa mjini Kakamega. Miezi mitatu ya kupimwa, halafu ama niandikwe kazi ama nirudi kwetu Kabras kupalilia miwa na kumpa shangazi yangu raha ya kusema, "Niliwaambia." Shangazi aliamini kwamba chuo cha upigaji chapa ni cha wasichana wavivu. Kurudi sikutaka kabisa.

Miezi kadhaa kabla sijafika, chama kilikuwa kimepewa laptopu na wafadhili, mpya, yenye waranti ya mwaka mmoja, na taipureta yetu ikapelekwa tawi la Matete. Katika mwezi wangu wa pili herufi R ikafa. Mwanzoni niliacha pengo na kulijaza kwa kalamu. Lakini kujaza mapengo kwenye rundo zima la nakala ni adhabu, nikaona heri nipige L mahali pa R. Watu wa kwetu wenyewe husema hivyo, nikajiambia, watasoma tu na kuelewa.

Wakaelewa. Tangazo la kuchagua wajumbe lilipaswa kusema kwamba Jumamosi ni siku ya kura. Mimi niliandika "siku ya kula." Watu walijaa uani na watoto wao, mama mmoja na bakuli mkononi, na kufikia saa saba walikuwa bado wanachungulia nyuma ya ofisi kama kuna moshi. Ajizi nyumba ya njaa, na njaa yenyewe nilikuwa nimeialika kwa maandishi. Mwenyekiti wetu, mzee wa Lugari mwenye sauti ya kanisani, aliniita akiwa ameshika lile tangazo kwa vidole viwili.

"Msichana wangu," akasema, "kula ni kitu ingine, na kula ni kitu ingine."

Sikuthubutu kucheka. Nilimweleza kwamba kosa ni la kibodi, asiniamini. Alisema mashine mpya haiwezi kukosa herufi moja tu, tena iwe ileile inayotushinda sisi sote. Waranti ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi, pamoja na majaribio yangu. Akanipa mpaka hapo: kama mashine ni mbovu, wenye duka lililoiuza waseme kwa maandishi na waitengeneze, kama ni mimi, niage.

Duka lilikuwa ghorofani, karibu na soko. Fundi alikuja kutoka Kisumu kila Alhamisi. Siku nyingine unaacha mashine pamoja na barua iliyopigwa chapa. Basi nikapiga barua kwa mashine hiyohiyo, nikaitia muhuri, nikawaachia, nikaenda zangu na amani yangu. Baada ya wiki nikarudishiwa laptopu na kikaratasi: "L imepimwa. Haina shida."

Nilimtukana yule fundi moyoni njia nzima. Nilipofika ofisini ndipo nikasoma nakala ya barua yangu: "Helufi L imekufa." Vidole vilikuwa vimezoea.

Alhamisi ya mwisho nilikuwa mlangoni pa duka kabla halijafunguliwa. Fundi alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani. Nikamweleza kwamba si L, ni R. Akaandika L. Nikasema R, ile ya redio. Najua nilivyoitamka, maana aliinua kalamu na kuniuliza kwa heshima, "Madam, hiyo ni ya redio ama ya lori?"

"Ya ledio," nikasema, na machozi yakanilenga. "Inakataanga kabisa."

"Usilie," akasema. "Weka kidole."

Nikaweka. Akabonyeza palepale mara moja, mara tano, kisha kwa nguvu, na skrini haikuonyesha kitu. Alikuwa na kibodi nyingine sandukuni. Mashine za aina ile, alisema, zilimsumbua hata Kisumu. Akafungua skrubu, akaitoa ya zamani, akatia mpya, akajaza fomu ya waranti: kasoro ya kiwandani, si ya mtumiaji. Nilimwomba agonge muhuri mara mbili. Nikapiga mstari mzima wa R, kisha mwingine.

Mwenyekiti alisoma fomu ile akiwa amesimama, akairudia. Hakuomba msamaha, wazee wa kwetu hawana kazi hiyo. Aliniambia niketi nipige barua, yeye ataisema. Nilidhani ni barua ya mtu mwingine mpaka alipotaja jina langu. Nilipofika kwenye "karani wa kudumu" nililia waziwazi, mbele yake, na R nikaipiga bila kukosea.